Mtu wa Kumi na Tatu kwenye Picha ya Bendi

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi hii ya picha lilikuwa kumfuta mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Ilinichukua saa nne bila kunyanyuka kitini, na niliifanya kazi hiyo vizuri mno. Laiti ningeifanya ovyo, mtu angeona alama ya brashi akauliza. Hakuna aliyeuliza. Nilipomaliza niliikuza picha mpaka ikajaa kioo chote cha kompyuta, nikaipitia kona kwa kona, nikaridhika, na mimi si mtu wa kuridhika. Mimi ni mtu wa kunawa mikono mara mbili kabla ya kushika karatasi. Nimewahi kuchapa kadi ya harusi mara tisa kwa sababu ya nukta moja. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nilikuwa mzembe. Sikuwa mzembe, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mwezi uliopita Papa Kasongo, niliyekuwa nikikodi naye duka zamani, alinitumia ujumbe wa sauti, akiniita mdogo kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Petit, ule muzee wa bazumari amekufa. Banasema alilala tu, hakuamuka." Nilikuwa nimesimama kwenye roboti, taa za barabarani, pale Marshalltown. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, mimi sijavuka. Mzee huyo ni Bwana Innes, aliyekuwa mkuu wa bendi ya zumari za Kiskoti upande wa mashariki wa Johannesburg. Kwetu Tanga zumari ni kitu cha harusini, mzee mmoja amevimbisha mashavu na wanawake wanacheza mbele yake. Zumari za Waskoti zina mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani na mabomba matatu yanayolala begani, lakini ukizisikia kwa mbali utajua ni ukoo mmoja. Nilikaa karibu na bendi ile mwaka mmoja tu. Tangu nipate ule ujumbe nimekuwa nikiurudia mwaka huo kichwani, na kila nikifika mahali fulani nashtuka upya, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Wakati huo mimi na Papa Kasongo tulikodi chumba kimoja cha duka kwenye njia ya ndani ya jengo la zamani. Dari lilikuwa juu sana, ukuta wa kijani, dirisha moja linatazama nyuma ya jengo jingine. Yeye, fundi cherehani wa Lubumbashi, Mkristo wa kuimba kwaya, alikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Mimi nilikaa ndani na kompyuta yangu, skana, na mashine ya kuchapa niliyoinunua imekufa nikaifufua mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, nikiandika kwenye daftari. Kazi zangu zilikuwa picha za pasipoti na za vibali, barua za kuombea kazi, na vijitabu vya mazishi. Hivi vya mazishi ndivyo vilivyonifanya nijulikane. Familia inakuja na picha moja ya harusi au ya kipaimara, watu kumi wamebanana, na marehemu yuko katikati. Wananiambia toa hawa, acha huyu. Nami natoa hawa. Nanyoosha kola, naondoa mkono wa mtu uliolala begani kwa marehemu, naweka anga nyuma. Siku hizo sikuwahi kujiuliza ule mkono ulikuwa wa nani. Ulikuwa uchafu, na kazi yangu ilikuwa kusafisha.

Papa Kasongo alikuwa akinitazama akicheka. Mchana tulikula bukari na sombe, ndio ugali na kisamvu cha kwao, kwenye sahani moja, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, na mimi nilikuwa natandika gazeti kwanza. "Weye unapenda kusafisha mupaka inakuwa magonjwa," aliniambia. "Hata samaki unamuangalia kama unataka kumupiga pasi."

Bwana Innes aliingia dukani kwetu kwa sababu ya nondo. Alibeba mifuko miwili mikubwa, ndani yake sketi za marinda za wanaume wa bendi yake, ambazo wao huita kilti, zimeliwa matundu matundu. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mgongoni, ngozi nyekundu, na mikono ya mtu aliyefanya kazi ya mashine maisha yake yote. Papa Kasongo alitandaza kilti moja mezani akahesabu marinda, akapita mara ya pili, kisha akapiga mluzi. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika. "Petit, kuja uone. Huyu muntu aliyeshona hii, alipanga kila rinda, mustari wa rangi unaangukia palepale. Hii haiko mambo ya kucheka." Kisha akacheka. "Lakini banaume bazima! Na soksi!" Bwana Innes hakuelewa Kiswahili ila alielewa kicheko, akacheka naye. Akasema kwa Kiingereza kwamba mkewe pia alicheka hivyohivyo siku ya kwanza, kisha akaolewa naye. Wakati akisubiri risiti aliviona vijitabu vyangu vya mazishi ukutani. Akavaa miwani, akavisogelea, akavitazama muda mrefu. Aliniuliza kama naweza kutengeneza kitabu kidogo cha historia ya bendi, kwa ajili ya sherehe yao ya mwisho wa mwaka. Sikuwahi kutengeneza kitabu cha watu walio hai. Nilisema naweza.

Basi Jumamosi asubuhi nikawa naenda ukumbini kwao. Lilikuwa jengo la matofali, zamani klabu ya mafundi wa migodini, sakafu ya mbao inayolia, harufu ya nta na sufu yenye unyevu. Ukutani kulikuwa na picha katika fremu, zaidi ya thelathini, bendi mwaka hadi mwaka, masharubu yakipungua na suruali za watazamaji zikipanuka. Meza ya chai ilikuwa na birika kubwa la umeme na sahani za soseji zilizoviringishwa kwenye unga. Nilipokataa mara ya kwanza Bwana Innes aligutuka, akakumbuka kwamba mimi ni Mwislamu, na Jumamosi iliyofuata akaniletea biskuti za siagi kwenye kopo na karatasi iliyoandikwa jina langu, Rashidi. Nilikaa pembeni ya meza na skana yangu, wao wakipuliza. Bwana Innes alikuwa mkali. Aliweza kusimamisha watu kumi kwa ajili ya kidole kimoja cha mtu mmoja. Nilimpenda kwa hilo. Niliona nimempata mtu mwenye ugonjwa wangu.

Siku moja alinipa bomba moja la zumari nilishike. Lilikuwa jeusi, zito kuliko nilivyotarajia, baridi. Nililigeuza nikaona mishipa ya mti karibu na pete. Nikamwambia, huu ni mpingo. Akasema ndiyo, nadhani huko kwenu mnauita hivyo, zumari zote nzuri zinatengenezwa kwa huo, kutoka kwenu. Mjomba wangu alichonga mpingo. Nimekulia kwenye vumbi lake. Nilikuwa nimekaa wiki tano kwenye ukumbi ule nikijiona mgeni kuliko birika la chai, na kumbe kitu kilichokuwa kinalia kilitoka kwetu. Nilirudi dukani nikamsimulia Papa Kasongo. Yeye hakushangaa. "Na shaba ya zile pete unazania inatoka wapi? Kwetu. Bazungu baliweka pumzi tu."

Picha niliyoharibu ilikuwa juu ya birika la chai. Bendi imesimama kwenye uwanja wa nyasi kavu, mawingu ya mvua ya mchana yamejaa nyuma yao, ngoma kubwa mbele katikati. Bwana Innes mwenyewe yumo, kijana wa miaka kumi na saba, masikio yamesimama. Kwa kuwa ilikuwa picha aliyoipenda kuliko zote, nilitaka iwe kwenye jalada. Niliipeleka dukani na fremu yake, nikaipiga skana kupitia kioo. Nyuma ya ngoma kulikuwa na kitu kama moshi, doa refu lisilo na umbo, limeanzia juu ya ngoma na kupotea kati ya mabega ya wanaume wawili. Miaka mingi juu ya birika linalotoa mvuke, nikajiambia, ni unyevu. Hata hivyo mimi ni mtu wa kuhakikisha. Niligeuza fremu. Nyuma, kwa penseli, kulikuwa na orodha ya majina kutoka kushoto kwenda kulia. Nikayahesabu, kumi na mawili. Nikazihesabu nyuso kwenye picha. Kumi na mbili. Majina yametimia, nyuso zimetimia. Kilichobaki ni doa.

Nilitaka skana iliyo safi zaidi, kwa hiyo nilijaribu kuibandua picha kwenye kioo. Ilikuwa imegandana nacho. Video moja ilisema tumia mvuke kidogo, nikatumia mvuke kidogo. Ikatoka, isipokuwa sehemu moja ya katikati iliyochanika na kubaki kwenye kioo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Moyo ulinipasuka. Kisha nikaona kwamba ile sehemu iliyochanika ilikuwa palepale penye doa, nikamshukuru Mungu. Nilichukua kitambaa chenye maji nikasugua kioo mpaka kikang'aa. Baada ya hapo nikakaa kwenye kompyuta saa nne, nikaondoa moshi wote kwenye skana ya kwanza, nikajaza mawingu na mabega. Mwisho kabisa niliondoa vitu vinne vidogo kwenye ukingo wa ngoma, nilivyodhani ni mafundo ya kamba, kwa sababu havikulingana na kamba nyingine. Nikahifadhi juu ya faili lilelile. Sikuwa naweka nakala mbili za kitu kimoja, zilinikosesha usingizi. Nikachapa picha mpya, nikaiweka kwenye fremu ya zamani, na ile iliyochanika nikaificha kwenye bahasha chini ya godoro. Bwana Innes alivaa miwani akaitazama ile mpya kwa muda. "Safi sana," alisema. "Kama jana."

Jumamosi ya sherehe ukumbi ulijaa. Kilti za Papa Kasongo zilikuwa zimenyooka, yeye mwenyewe amevaa suti ya rangi ya maji ya machungwa na amekaa mstari wa mbele kama baba wa bwana harusi. Bendi ilipiga, nikasisimka ngozi. Vijitabu vyangu vilikuwa vimepangwa mezani kwa mstari, nami nilikuwa nikivisawazisha kila mtu alipochukua kimoja. Kabla ya chakula aliingia mama mmoja mtu mzima, kofia nyeusi, koti zito, fimbo. Bwana Innes alimfuata mlangoni akamwinamia. Alimtambulisha kwetu: huyu ni Mme Dikeledi kutoka Soweto, baba yake alitusaidia na ngoma zamani. Mme ni mama kwa Kisotho. Mama yule alisalimia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye birika la chai, kama mtu anayejua njia ya nyumbani kwao. Akasimama chini ya picha. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akavaa tena. Nilikuwa karibu, nimeshika chano, nikasubiri sifa.

"Baba yangu yuko wapi?" aliuliza.

Bwana Innes alisogea. Mama akaweka kidole kwenye kioo. "Alikuwa hapa. Nilipokuwa msichana alinileta, akanionyesha kwa kidole. Aliniambia, yule nyuma ya ngoma ni mimi. Ngoma ilikuwa inabingirika, kwa hiyo aliishika. Mpiga picha aliogopa mvua, akapiga kabla baba hajatoka. Uso haukutulia, lakini vidole vyake vinne vinaonekana hapa, kwenye ukingo." Aligonga kioo kwa ukucha. "Hapa. Moja, mbili, tatu, nne."

Nilikuwa nimeshika chano na sikijui. Niliviona vile vidole. Niliviona wazi kuliko siku nilipovifuta, kila kimoja na kucha yake, na nilikumbuka kwamba cha tatu kilinisumbua, nikakirudia mara mbili. Mimi, mtu mweusi, niliyeishi miaka mitatu katika jiji hili nikikasirika kila mlinzi anaponitazama kama uchafu kwenye kapeti, nilimtazama mwanamume mweusi kwenye picha kwa saa nne nikaona moshi.

Mtu mmoja alisema taratibu, lakini orodha nyuma ina majina kumi na mawili. Bwana Innes alikuwa mweupe kama karatasi. Alinigeukia. "Rashidi, ilikuwaje hii?"

"Picha iliharibika," nikasema. "Unyevu. Sehemu ile haikuwepo nilipoipokea."

Nilisema hivyo. Sauti yangu ilitoka laini, ya mtu wa huduma kwa wateja. Mme Dikeledi alinitazama kwa muda mfupi, akaitikia kwa kichwa, akaomba kiti. Hakula. Kabla hajaondoka alimwambia Bwana Innes, bila kulalamika, kwamba baba yake alipata kupigwa picha mara mbili tu maishani. Nyingine ilikuwa kwenye pasi ya kutembelea mjini waliyolazimishwa watu weusi kubeba, na ile aliichoma kwa mkono wake mwenyewe uani, akacheka ikiungua. "Hakujuta," alisema. "Alisema moja ipo kwa Waskoti, inatosha."

Jumapili sikwenda popote. Jumatatu nilifungua kompyuta nikatafuta faili la kwanza mahali pote linapoweza kujificha faili. Nilipakua programu za kufufua vilivyofutwa, tatu, nne. Nilipata picha za vibali za watu walioondoka nchini zamani, nilipata mkia wa paka wa jirani, nilipata kadi ya harusi matoleo tisa. Mtu wa nyuma ya ngoma hakuwemo. Papa Kasongo alishona hadi mchana. Alipoandaa sahani sikutandika gazeti, naye ndipo alipozima cherehani.

"Ile juzi ulisema unyevu," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Ilikuwa unyevu?"

Nikamwambia yote. Mvuke, kitambaa, saa nne, mafundo ya kamba. Alisikiliza mikono imeshikana juu ya tumbo, na mara moja tu alifumba macho, nilipofika kwenye kitambaa. Nilitegemea atasema ni bahati mbaya, mimi ni kijana, kila fundi amewahi kukata kitambaa cha mteja vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa na hadithi nyingi za hivyo.

"Unaona, petit," alisema mwishoni. "Ulimufuta muntu bila kujua. Ile ni makosa. Kisha siku ya Samedi, ile ya sherehe, mbele ya mutoto wake, ulimufuta tena, na ile mara ulikuwa unajua. Mimi naweza kula na muntu wa makosa ya kwanza." Akaisogeza sahani upande wangu, yote, akarudi kwenye cherehani.

Niliomba namba kwa Bwana Innes, nikasema ni kwa ajili ya kumpelekea mama kijitabu. Alhamisi nilikuwa Soweto, nyumba ya matofali yenye ua uliofagiliwa, mlango wa jikoni wazi. Mme Dikeledi alikuwa anaoka skoni, mikate midogo ya siagi. Alinikalisha mezani jikoni, akanipa moja ya moto na bilauri ya kinywaji cha tangawizi alichotengeneza mwenyewe. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kisotho, naye alikuwa akiisikiliza kwa sikio moja, akiguna pale alipomjua mtu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi na kuyarekebisha mara nyingi. Nilipofungua mdomo nikayasahau yote.

"Mme, haikuwa unyevu. Ni mimi. Nilimfuta."

Akapunguza redio. "Sema taratibu."

Nikasema taratibu. Nikatoa bahasha, nikaweka mbele yake picha ya asili iliyochanika, tundu jeupe nyuma ya ngoma. Aliigusa pembeni ya tundu kwa kidole, akalizunguka.

"Ulipomtazama," aliuliza, "uliona nini?"

Ningeweza kusema sikuona vizuri. "Doa," nikasema.

"Sema tena."

"Niliona doa, Mme."

Skoni zilizobaki ndani ya jiko zikaanza kunukia kuungua, akaenda akazitoa, akazipanga kwenye waya moja moja. Alizungumza akiwa amenipa mgongo. "Baba yangu aliitwa Sello Molefe. Aliwakazia ngoma ile miaka ishirini na mbili. Ngozi ya ngoma ukiikaza asubuhi yenye jua, mchana ikija mvua inalegea kama mdomo wa mlevi. Kwa hiyo alikwenda nao kila mahali na kamba zake. Bendi haikuanza mpaka yeye aigonge mara moja kwa kidole na kusema sawa. Mara moja tu. Halafu anarudi nyuma ya lori, kwa sababu sheria haikumruhusu kutembea nao. Wale walimwita Jim. Kila mtu mweusi kwao alikuwa Jim. Orodha haikumwita kitu. Wewe umemwita doa." Akageuka. "Ngwanaka, mwanangu, nimewaona watu wengi wakimsahau baba yangu. Wewe ni wa kwanza kuja mpaka jikoni kuniambia."

Sikujua kama lile lilikuwa tusi au sifa, na bado sijui. Kwa kuchanganyikiwa nikafanya jambo la kijinga zaidi. Nilimwambia naweza kumrudisha. Kama kuna kaka yake, au mwanawe anayefanana naye, naweza kuchukua sura, nikaizeesha, nikaiweka nyuma ya ngoma, hakuna atakayejua. Nilikuwa tayari nimeshatoa simu kumwonyesha mfano wa kazi kama hiyo.

Aliweka mkono wake wenye unga juu ya simu yangu, akaifunika.

"Usinitengenezee baba," alisema. "Umenisikia? Weka hilo tundu kama lilivyo. Liweke kwenye kitabu. Andika jina lake chini, Sello Molefe, na kazi yake. Na Jumamosi utasimama pale mbele ya birika la chai uwaambie ulichoniambia mimi, kwa mdomo wako, na neno ulilotumia ulitumie."

Jumamosi nilikuwepo kabla ukumbi haujafunguliwa. Mme Dikeledi alikaa karibu na mlango, fimbo kati ya magoti. Papa Kasongo alisema anakuja kuchukua kipimo cha kilti moja. Hakubeba hata futi. Nilisimama nikaongea. Kiingereza changu kilinikimbia, lakini nilisema mvuke, nikasema kitambaa, nikasema nilidanganya, nikasema doa. Niliinua picha iliyochanika wote waione. Mpiga ngoma mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine alianza kusema kwamba kwa kweli mtu yeyote angedhani, maana orodha ile nyuma...

"Orodha ile niliiandika mimi," alisema Bwana Innes.

Alikuwa amesimama na zumari yake kwapani, mfuko ukiwa na pumzi bado, ukitoa mlio mdogo unaozidi kushuka. Hakuuzima. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa na mwandiko mzuri, wakanipa penseli. Nilianza kushoto. Nilifika kwenye ngoma, nikamwona. Sello alinifundisha kufunga tete la zumari kwa uzi. Mpaka leo nafunga kama yeye. Nilimwona, nikaruka, nikaandika jina linalofuata. Sikufikiri hata kidogo. Hakuna aliyeniambia nimruke." Mfuko ukaisha pumzi. "Miaka yote hii nimekuwa nikisimama hapa nikichemsha chai. Rashidi aliponiletea picha yake mpya nilivaa miwani, nikaitazama, na sikuona kilichopungua."

Nilitazama mlangoni. Mme Dikeledi alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono. Nilidhani analia. Alipouondoa mkono niliona kwamba alikuwa hajui la kufanya na uso wake, kama sisi wengine wote. Bwana Innes aliweka zumari juu ya meza, katikati ya vikombe, akaenda mpaka pale alipokaa mama yule. Alijaribu kupiga goti, magoti yakakataa, Papa Kasongo akamshika mkono akamteremsha. Sikusikia alichomwambia. Nilisikia jibu tu, maana mama hakupunguza sauti: "Basi liseme jina lake kwa sauti, watu wako wakusikie." Akalisema. Alilitamka vibaya. Mama akamfanya alirudie mpaka likawa sawa.

Kitabu kilichapwa upya kabla ya Krismasi. Picha ya jalada ina tundu, na chini yake kuna majina kumi na matatu. La kumi na tatu nililipanga kwa mkono wangu na sikulirekebisha. Mme Dikeledi alichukua nakala kumi na mbili za ndugu zake. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuwahi kumuuliza. Mwaka uliofuata nilihama jengo lile, Papa Kasongo akafungua duka lake, na bendi nikawa naisikia kwa mbali tu, kwenye maandamano, nikiwa upande wa pili wa barabara.

Bado nanawa mikono mara mbili. Bado nachapa kadi moja mara nyingi kuliko inavyohitajika, na bado nakosea. Wiki iliyopita niliharibu cheti cha shule cha mteja mmoja wa Midrand, cha asili, kwa gundi. Nilikaa nacho dakika kumi hivi. Kisha nikampigia simu, nikamwambia nimekiharibu, ni mimi. Zamani ningekificha.